Usiliombee Jaribio Lipite

Fungua mradi wako sasa hivi, ndugu yangu mwandishi wa programu, utafute neno Sleep ndani ya faili za majaribio. Yahesabu yote. Kila unapolikuta, hapo ndipo ulipokisia. Hukujua kazi ya pembeni ingekwisha lini, ukaona haya kusema hujui, ukaandika sekunde 2 na kujifunika gubigubi. Mwongozo huu umekuja kukuvuta shuka.

Nimeuandika nikiwafikiria zaidi vijana wa Mutuini, Nairobi, na wa kata za Waithaka, Ngando na Riruta, wanaowaandikia programu watu wa mtaani: mwenye ploti anayetaka kujua nani amelipa kodi, muuza gesi, mwenye kibanda cha maji, mwenye bucha. Wateja wa watu hao hulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, Lipa na M-Pesa ikafuata 2013, na tangu Safaricom ilipofungua Daraja, mfumo wake wa API kwa waandishi wa programu, mwaka 2017, mtu mmoja mwenye laptopu na bando anaweza kuanza kuunganisha programu yake na malipo ya simu akiwa chumbani kwake. Hilo ni jambo zuri sana. Pia ndilo linalomwingiza kwenye programu zenye kazi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja, atake asitake.

Tazama yanayotokea mpangaji anapobonyeza kitufe cha kulipa. Programu yako inaiomba Daraja imtumie ombi la malipo. Daraja inajibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na inakupa nambari ya kulifuatilia. Hayo si malipo bado. Mpangaji anaona kidirisha kwenye simu yake, anaandika PIN, au anaghairi, au simu iko chini ya mto na yeye yuko bafuni. Jibu lenyewe linakuja baadaye, linapigwa kwenye seva yako: 0 maana yake amelipa, 1032 ameghairi, 1037 hakupatikana. Wakati huohuo kuna kazi nyingine inayouliza hali ya malipo kila baada ya muda, na nyingine inayotafuta tokeni mpya ya kuingilia, kwa sababu tokeni ya Daraja huishi sekunde 3599 tu. Kwa hiyo ukiniambia kwamba wewe huandiki programu za nyuzi nyingi, unaandika tu kaprogramu ka kukusanya kodi ya ploti moja, nitakuomba uhesabu tena.

Sasa rudi kwenye zile sekunde 2. Siku mashine ikiwa nyepesi, kazi inakwisha kwa milisekunde 3, na zile 1,997 zilizobaki umezitupa. Ukiwa na majaribio 200 ya namna hiyo, umekaa karibu dakika 7 ukitazama skrini, na hakuna ulichojifunza. Siku mashine ikielemewa, kazi ileile inachukua sekunde 2.4, na jaribio linaanguka ilhali msimbo hauna kosa. Unafanya nini? Unaandika 5. Sasa una jaribio lililo polepole zaidi, na bado linasema uongo siku za mashine nzito. Githeri haiepuliwi kwa kutazama saa. Unafunua sufuria, unabonyeza punje ya mahindi, unajua kama imeiva.

Wala usidhani huu ni ugonjwa wa mtaani kwetu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua mabadiliko 201 yaliyorekebisha majaribio vigeugeu, yaani yale yanayopita leo na kuanguka kesho bila msimbo kuguswa, katika miradi 51 ya Apache. Chanzo kilichoongoza, kwa karibu asilimia 45 ya yale waliyoweza kuyapanga kwa aina, kilikuwa kutosubiri vizuri kazi ya pembeni. Asilimia nyingine 20 hivi zilitokana na nyuzi kugombea kitu kimoja. Miaka miwili baadaye Google ilieleza kwamba takriban asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiwango fulani. Basi kama wakubwa hao wameungua, wewe uliye na laptopu moja una sababu zaidi ya kuwa mkali, maana huna kikosi cha kufuatilia uongo wa majaribio yako. Una usiku wako tu.

Dawa ya kwanza ni ya adabu zaidi kuliko ya ufundi. Kazi yoyote unayoianzisha pembeni lazima iwe na njia ya kusema imemaliza. Katika lugha ya Go, fanksheni inayoandika neno go, ikaachilia gorutini, yaani uzi mwepesi wa kazi, na kuondoka zake, ni fanksheni isiyo na malezi. Ifanye irudishe chaneli inayofungwa kazi ikiisha, au iisajili kazi hiyo kwenye WaitGroup, au ipokee muktadha unaoweza kuukata. Wengi hulalamika kwamba hayo ni kuharibu msimbo kwa ajili ya majaribio. Si kweli. Kazi ambayo jaribio haliwezi kuisubiri ndiyo kazi ambayo seva yako haiwezi kuisubiri unapoizima ili uweke toleo jipya. Jibu la malipo ya mtu limefika, gorutini iko katikati ya kuliandika, na wewe umekata. Jaribio lililokusumbua lilikuwa linakuonyesha kidonda hicho mapema, nawe ukalipaka sekunde 2.

Pale ambapo huwezi kupata ishara, kwa mfano unapotumia maktaba ya mtu mwingine iliyofungwa, uliza mara kwa mara: kila baada ya milisekunde 10 angalia kama hali unayoitaka imefika, na uweke ukomo mrefu, hata sekunde 10. Ukomo huo haukugharimu kitu jaribio likipita, kwa kuwa unaondoka mara tu hali inapotimia. Unaulipa siku ya kuanguka tu.

Lakini njia hiyo ina upungufu mmoja mkubwa, na wengi hawauoni mpaka wamenaswa. Inaweza kukuthibitishia kwamba jambo limetokea. Haiwezi kukuthibitishia kwamba jambo halikutokea. Unataka kuhakikisha mpangaji aliyeghairi hatumiwi ombi la pili. Utasubiri kwa muda gani ndipo useme kwa uhakika kwamba halikutumwa? Sekunde 1? Dakika 1? Muda wowote utakaoutaja ni kisio jingine, na kisio hilo ni baya zaidi, kwa sababu likikosea jaribio linapita. Jaribio linaloanguka bila sababu linakupotezea muda. Jaribio linalopita bila sababu linampotezea mama wa watu pesa.

Ndiyo maana lazima uimiliki saa. Zamani tulifanya hivyo kwa mkono: kila sehemu ya programu ilipewa saa yake kama kitu cha kupokewa, na kwenye majaribio tukaipa saa ya bandia. Inafaa, na kwa lugha nyingi bado ndiyo njia. Anayeandika programu za Android kwa Kotlin ana runTest, ambayo huruka vipindi vya kusubiri kwa kutumia muda wa kubuni. Wa JavaScript ana saa za bandia ndani ya Jest. Kwa Go, mambo yalibadilika hivi karibuni kwa namna inayonifurahisha kweli. Toleo la 1.24, Februari 2025, lilileta kifurushi testing/synctest kama jaribio la awali, na toleo la 1.25, Agosti mwaka huohuo, likakiweka rasmi.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Unaweka jaribio lako ndani ya synctest.Test, na kila gorutini inayoanzishwa humo inakuwa ndani ya kiputo kimoja. Ndani ya kiputo saa ni ya bandia. Inaanza saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 2000 kwa saa za UTC, ambayo hapa kwetu Nairobi ni saa tisa usiku, na haisogei hata kidogo wakati kuna gorutini yenye kazi ya kufanya. Zote zikishakwama zikisubiriana au zikisubiri muda, na hakuna kitu nje ya kiputo kinachoweza kuzigutusha, hapo ndipo saa inaruka moja kwa moja hadi wakati wa karibu zaidi ambao kuna anayeamka. Ukiita synctest.Wait, unasimama mpaka gorutini nyingine zote za kiputo zitulie hivyo. Zikitulia, swali la "haikutokea" linapata jibu lisilo na kisio: kila lililopaswa kufanyika hadi dakika hiyo limefanyika, na kama ombi la pili halipo, halipo.

Chukua ile tokeni ya sekunde 3599. Nani amewahi kuandika jaribio linalokaa karibu saa nzima kungoja tokeni ife? Hakuna. Kwa hiyo msimbo wa kutafuta tokeni mpya huwa unajaribiwa na wateja wenyewe, saa moja baada ya seva kuwashwa. Ndani ya kiputo unaandika time.Sleep ya sekunde 3598, unaita Wait, unahakikisha tokeni ya zamani bado inatumika. Unasogeza sekunde 2 zaidi, unahakikisha mpya imeombwa, tena imeombwa mara moja tu, hata kama malipo 20 yamegongana mlangoni kwa wakati huo. Saa nzima ya kubuni inapita kabla hujainua kikombe cha chai. Na ndiyo, ni lile neno Sleep nililokuagiza ulisake. Humu ndani halikisii chochote, linasogeza saa kwa kipimo kamili, kwa hiyo humu liache.

Kiputo kina masharti, na asiyeyasoma atakuja kusema kifurushi ni kibovu. Kusubiri mtandao hakuhesabiwi kuwa kutulia, kwa sababu data inaweza kuingia kutoka nje wakati wowote. Kusubiri kufuli ya sync.Mutex nako hakuhesabiwi. Kwa hiyo usiweke seva halisi yenye mlango wa TCP humo; tumia net.Pipe, ambayo ni mawasiliano ya pande mbili yanayobaki ndani ya kumbukumbu. Usiite t.Parallel ndani ya kiputo. Na gorutini zote ulizozianzisha lazima ziwe zimekwisha jaribio linapokwisha. Ikibaki moja imekwama, utaambiwa waziwazi. Wapo watakaokasirishwa na hilo la mwisho. Nawaomba wasome tena aya ya malezi hapo juu.

Umeshaondoa kukisia. Bado hujaondoa ugomvi wa nyuzi. Saa ya bandia hupanga muda, haipangi nani kati ya gorutini mbili zilizo macho ataigusa data kwanza. Kwa hilo endesha go test -race, chombo ambacho Go imekuwa nacho tangu toleo la 1.1 mwaka 2013. Kinakuonyesha mistari miwili inayogusa kumbukumbu moja bila utaratibu, angalau mmoja ukiandika. Kinakula kumbukumbu mara 5 hadi 10 ya kawaida na kinaweza kuchelewesha mara 2 hadi 20, na kwenye laptopu ya gigabaiti 4 utaisikia feni ikilalama. Vumilia. Ila ujue kwamba kinaona tu ugomvi uliotokea wakati huo kikitazama, na kinaona kumbukumbu ya programu yako tu.

Kisichoonekana nacho ndicho kinachokula pesa. Mwenye kibanda cha maji ana mteja mwenye akiba ya shilingi 500. Malipo mawili yanaingia kwa pamoja, moja la 50 na jingine la 100. Gorutini ya kwanza inasoma 500 kutoka kwenye hifadhidata. Ya pili nayo inasoma 500. Ya kwanza inaandika 550. Ya pili inaandika 600. Shilingi 50 zimeyeyuka, na chombo cha -race kimenyamaza, kwa sababu kwenye kumbukumbu kila mtu alikuwa na nakala yake safi. Mara 999 malipo hayo hayatagongana hivyo. Utaliendesha jaribio lako siku nzima na litapita, nawe utalala ukijua umejaribu.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa maana hapa ndipo fundi anapotofautiana na mbahatishaji. Usingoje mgongano utokee. Uulazimishe. Weka lango kati ya kusoma na kuandika: sehemu ambayo kwenye kazi halisi haifanyi chochote, lakini kwenye jaribio inazishikilia gorutini mbili mpaka zote mbili ziwe zimekwisha kusoma. Kisha zifungulie. Kama kosa lipo, jaribio litaanguka kila mara, kwenye kila mashine, asubuhi na jioni. Kuanguka kwa uhakika ndicho kitu cha thamani unachokitafuta, kwa kuwa ukisharekebisha, kupita kwake nako kunakuwa na maana. Marekebisho yenyewe si makubwa: iambie hifadhidata iongeze kiasi kwa amri moja badala ya kusoma kisha kuandika, au fungia safu ya mteja kwa SELECT ... FOR UPDATE kabla ya kuisoma. Ukichagua kufungia, lango litalikwamisha jaribio, kwa sababu gorutini ya pili haitaweza kusoma kabisa. Basi lipe lango ukomo, na uandike jaribio likubali hali hiyo kuwa ndiyo ulinzi wenyewe.

Fanya hivyohivyo kwa jibu linalokuja mara mbili. Mtandao ukisita, ujumbe uleule unaweza kutumwa tena, na programu isiyo na kinga itamwongezea mteja akiba mara mbili kwa risiti moja. Nambari ya risiti ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye jedwali, na jaribio litume jibu lilelile kwa gorutini mbili kwa wakati mmoja. Vilevile kwa jibu linalokuja mapema mno: Daraja imekupa nambari ya kufuatilia, hujaiandika bado kwenye hifadhidata, na mteja mwepesi ameshaghairi. Jibu la 1032 linafika kwa ombi ambalo seva yako hailijui. Unalitupa? Andika jaribio la mpangilio huo, na la mpangilio wa kawaida, yote mawili, kwa lango, bila sekunde hata moja ya kukisia.

Anayesema kwamba hakuna mteja mwepesi kiasi hicho asome habari za Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotumika Marekani na Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua sita walipata mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sehemu ya chanzo ilikuwa kazi mbili za programu zilizogombea data moja, na kosa lilijitokeza pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maandishi kwenye skrini kwa haraka. Aliyejaribu polepole hakuliona. Vidole vyepesi vya mtu aliyeijua kazi yake ndivyo vilivyolifichua, na gharama ikalipwa na mgonjwa aliyelala kwenye meza.

Sasa tuje kwa wale wanaoendesha jaribio likaanguka, wakaliendesha tena likaanguka, wakaliendesha mara ya tatu likapita, wakasema "si unaona, ilikuwa mtandao tu." Wengine wameipa mashine ya ukaguzi amri ya kurudia mara 3 yenyewe, ili wasisumbuliwe na habari mbaya. Ukifanya hivyo, umelipa umeme, bando na muda kununua godoro la hewa lenye tundu: kitu kinachovuja pale unapokilalia. Badala ya kurudia mpaka lipite, rudia mpaka lianguke. Andika go test -race -count=1000 -run na jina la jaribio hilo, ndani ya kiputo hizo mara elfu zitakwisha haraka, na likianguka hata mara moja una kitu cha kushika. Ongeza -shuffle=on ili majaribio yaendeshwe kwa mpangilio wa kubahatisha; hapo utayagundua yale yanayopita kwa sababu tu jaribio jirani limeacha data mezani.

Na majaribio ya kila siku yasiguse uwanja wa mazoezi (sandbox) wa Daraja kabisa. Uko nje ya mashine yako, nyuma ya mtandao usioumiliki, na kila jibu lake linakugharimu bando. Tengeneza Daraja ndogo ya bandia ndani ya kumbukumbu inayojibu 0, 1032, 1037 au inayonyamaza kimya, kadiri unavyoiamuru. Bakiza majaribio machache yanayogusa uwanja huo wa mazoezi, yaweke kwenye faili zake, uyaendeshe kabla ya kutoa toleo jipya. Hayo yakianguka kwa sababu ya mtandao, hakuna aliyedanganywa.

Bado litabaki jaribio moja au mawili ambayo leo huwezi kuyatibu. Yatenge, usiyarudierudie. Andika juu ya kila moja tarehe uliyolitenga, jina lako, na sehemu gani ya programu sasa haina ulinzi. Jipe wiki mbili. Zikipita hujalirekebisha, lifute, kisha mpigie mwenye kibanda cha maji umwambie kwamba ile sehemu isiyo na ulinzi itakaguliwa kwa macho kila jioni, risiti kwa risiti, na kwamba anayeikagua ni wewe.